Redio ya gari ilivyotutuma kupima macho

Watu wengi wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani hukagua injini, gia, rangi na matairi. Wachache hukumbuka kuuliza swali moja dogo: hii redio ina namba ya siri, na kama inayo, nani anaijua?

Siku ya kununua swali hilo halimsumbui mtu, kwa sababu redio inaimba vizuri. Huja kusumbua baada ya miaka, betri inapokufa au fundi anapoichomoa ili aweke mpya. Unawasha swichi, kioo cha redio kinawaka, lakini hakuna muziki wala taarifa ya habari. Kuna maandishi ya Kijapani, herufi tatu za ERC na mstari mrefu wa tarakimu. Redio imejifunga, na inakutaka uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenye mali.

Nyumbani kwetu jambo hili lilitukuta Januari 2025. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na mambo ya magari huwa nawaachia kaka zangu. Lakini kufuli la redio hii liliingia mpaka kwenye afya ya familia yetu, na ndiyo maana naandika habari zake katika ukurasa huu.

Gari lisilotembea

Baba alikuwa karani wa stesheni katika reli ya kati, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Amehamishwa stesheni nyingi kati ya Dodoma na Tabora, na sisi watoto watano tumezaliwa njiani humo. Alipostaafu alijenga nyumba Kikuyu, hapa Dodoma, na kipande cha kiinua mgongo akanunua gari dogo la saluni la Kijapani la mwaka 2007.

Aliliendesha mwenyewe kwenda kanisani, sokoni na kwenye shamba la zabibu Hombolo. Mwaka 2021 alianza kugonga nguzo ya geti, kila mara upande uleule wa kulia. Mama akasema geti ni jembamba. Fundi akaja kulipanua. Baba akaligonga tena.

Hospitali walikuta ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto limebaki na uwezo wa kuona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mwanzi. Mwaka uliofuata aliweka ufunguo wa gari mezani baada ya chakula cha usiku na kutuambia hataendesha tena. Hakuna aliyemwambia aache. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaomba maji ya kunawa.

Gari likabaki chini ya mwarobaini. Lakini baba hakuachana nalo. Kila jioni, inapokaribia saa kumi na mbili, hutoka barazani akihesabu hatua, hufungua mlango wa dereva, huketi, huzungusha ufunguo kidogo tu bila kuwasha injini, na kufungua redio kwa vitufe vya kwenye usukani. Mama humpelekea chai hukohuko. Majirani wamezoea. Ukipita jioni utamkuta ameshika usukani kwa mikono miwili, anasikiliza.

Tuliwahi kumnunulia redio ndogo ya mezani. Aliisikiliza siku mbili, kisha akaipeleka jikoni kwa mama. “Hii ni ya kupikia,” alisema.

Tarehe 1 Agosti 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, baba alikuwa ndani ya gari tangu mapema. Alisikiliza hotuba zote. Usiku aliniuliza maswali mengi ambayo sikuweza kuyajibu: honi yake inaliaje, mabehewa yake yana namba za aina gani, na nani anasaini mizigo. Mtu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote alikuwa ameiona treni mpya kwa masikio.

Betri haina huruma na mapenzi ya namna hii. Gari lisilotembea halichaji betri yake, na kila jioni redio huila kidogo. Januari betri ikafa kabisa.

Namba isiyojulikana

Fundi mmoja alikuja nyumbani na betri mpya. Alichomoa ya zamani, akafunga mpya, injini ikawaka mara moja. Mama akapiga vigelegele. Baba akasema, “Sasa fungua redio.” Ndipo tulipoona yale maandishi.

Fundi akaanza kubahatisha. Akaweka sifuri tupu, kisha moja, mbili, tatu, nne. Nilimwomba aache. Alipokunja vifaa vyake alitushauri tuing'oe redio na kufunga ya kisasa yenye kioo kikubwa, ya shilingi 350,000. Baba aliuliza kama hiyo mpya itatumia vitufe vya usukani. Fundi akajibu kwamba ya kisasa unagusa kioo tu. Baba hakuuliza tena.

Wiki hiyo nilisoma kuhusu redio za magari kuliko nilivyowahi kusoma kuhusu ugonjwa wowote. Haya ndiyo niliyoelewa.

Redio ya gari ina waya mmoja unaoleta umeme kutoka kwenye betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Umeme huo hulinda saa na stesheni ulizohifadhi. Kama ulinzi wa wizi umewekwa, redio ikikatiwa umeme huo na kurudishiwa inachukulia kwamba imeng'olewa. Haijui tofauti kati ya mwizi aliyekata waya usiku na fundi aliyebadilisha betri mchana. Kwa hiyo inajifunga, na inasubiri namba ya siri iliyotunzwa ndani yake, mahali pasipofutika kwa kukosa umeme.

Utaratibu huu ulienea katika miaka ya 1980 na 1990, wakati wizi wa redio za magari ulipokuwa kero kubwa Ulaya na Marekani. Mwizi alivunja kioo, akang'oa redio kwa dakika chache na kuiuza. Watengenezaji wakajaribu redio ambazo unatoka nazo mkononi, kisha zenye uso unaobandulika, kisha hizi za namba. Lengo lilikuwa redio ya wizi isiwe na faida kwa mtu yeyote. Sisi huku tumetumia njia yetu: mtu akinunua gari hukwaruza namba za usajili kwenye taa na vioo vya pembeni, ili mwizi akiviuza vijulikane.

Kila kampuni ina tabia yake. Redio nyingi za Honda huandika CODE na kutaka tarakimu tano. Zile za Volkswagen za zamani hutaka tarakimu nne, na ukikosea mara mbili hukupa adhabu ya kusubiri saa nzima redio ikiwa imewashwa. Hizo huandika neno SAFE, ambalo sisi waandishi wa afya wa Dodoma tunalijua kwa maana nyingine kabisa. Ndilo jina la mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya vikope: upasuaji, dawa, usafi wa uso na usafi wa mazingira.

Redio za Toyota za soko la Japani, zile zenye ramani, nyingi ndizo zinazoonyesha ERC na namba ya utambulisho yenye tarakimu 16. Namba hiyo ya utambulisho si ya siri. Ni kama jina la redio. Ya siri hupatikana kutokana na hiyo, kwa watu wenye uwezo wa kuipata. Aliyeiweka kwanza huenda ni mmiliki wa kule Japani, ambaye aliuza gari lake mnadani bila kufikiri kwamba siku moja mzee wa Dodoma ataihitaji.

Tulitafuta. Kwenye kabati la dashibodi kulikuwa na kitabu cha Kijapani, risiti za mafuta za miaka iliyopita na miwani ya baba ya kusomea. Namba haikuwapo.

Kaka alisema kweli

Kwenye kundi letu la simu, kaka mkubwa aliandika kile ambacho nadhani wote tulikuwa tunakifikiri. Gari limekaa. Bima inalipwa, matairi yanaoza, betri imekula pesa, sasa redio nayo. Tuliuze likiwa bado na bei, pesa imsaidie mzee na dawa.

Kaka ni dereva wa lori. Anajua gharama ya gari kuliko sisi wengine wote, na ndiye anayetoa kubwa zaidi kila tunapochanga. Hakusema kwa ubaya. Dada yetu wa Singida alikubaliana naye. Mdogo wetu wa kiume akaweka alama ya kidole gumba. Mimi niliandika kwamba tumuulize baba kwanza.

Tulikwenda Jumapili. Baba alimsikiliza kaka mpaka mwisho, bila kumkatiza, kama alivyokuwa akiwasikiliza abiria waliokosa treni. Kisha akasema:

“Redio ya shilingi laki mbili inajua kumuuliza mtu, wewe nani? Macho yangu yameibwa miaka yote ile, hakuna aliyeuliza kitu.”

Tulinyamaza. Akaendelea.

“Gari nitalitoa. Sina ugomvi. Lakini kila mmoja wenu akapime macho, aniletee karatasi. Nikipata karatasi tano, nitawapa kadi ya gari.”

Kaka alicheka kidogo na kusema yeye anaona mpaka nzi aliyeko Chamwino. Baba akamjibu kwamba hata yeye alikuwa anaona, ila nguzo ya geti tu ndiyo iliyokuwa haionekani.

Mwizi asiye na kelele

Hapa nilirudi kwenye kazi yangu, kwa sababu ilibidi niwaeleze ndugu zangu kitu ninachokieleza kwa wasomaji kila Machi, katika Wiki ya Presha ya Macho Duniani.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Yakishindwa kutoka vizuri, msukumo ndani ya jicho hupanda na kuuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna machozi. Uwezo wa kuona huanza kupotea pembeni, taratibu, na ubongo huziba pengo hilo kiasi kwamba mwenyewe hajui. Akija kushtuka, sehemu kubwa imekwisha.

Kilichopotea hakirudi. Si kwa matone, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Matibabu yanalinda kilichobaki, na ndiyo sababu wataalamu huita ugonjwa huu mwizi wa kimya.

Sisi watu wa mkoa huu tumezoea ugonjwa wa macho unaopiga kelele. Bibi zetu waliugua vikope. Kope ziligeukia ndani na kukwaruza jicho, wakatembea na vibanio vya kung'olea kope vimefungwa kwenye pindo la kanga. Kongwa imetajwa katika utafiti wa vikope duniani tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo wengi wetu tunaamini jicho lisilouma ni jicho zima. Kwa presha ya macho, imani hiyo ndiyo inayowapofusha watu.

Jambo la pili nililowaambia ni kwamba ugonjwa huu hutembea katika familia. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja anao yuko katika hatari kubwa kuliko wengine, na watu wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi na mapema zaidi. Mimi nilikwisha kupima baba alipogunduliwa. Wenzangu wanne walikuwa na sababu zao: kazi, watoto wadogo, foleni, na ile kubwa kuliko zote, kwamba haumwi.

Vipimo vyenyewe havitishi. Mtaalamu hupima msukumo wa jicho, huangalia mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, na kupima eneo unaloweza kuona bila kugeuza macho. Ni muhimu vyote vifanyike, kwa sababu wako watu ambao msukumo wao ni wa kawaida lakini mshipa umeanza kuharibika.

Dada wa Singida alipima hukohuko, salama. Mdogo wetu wa kiume salama. Dada anayenifuata salama, ila anahitaji miwani. Karatasi nne zikakaa kwenye bahasha juu ya kabati la mama. Kaka alisema yuko safarini. Aliporudi alisema gari linahitaji kubadilishwa breki. Baba hakumkumbusha. Aliniuliza mimi tu, kila Jumapili: “Mama, karatasi ni ngapi?” Baba huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Karatasi ya tano ilikuja mwishoni mwa Februari. Kaka aliileta usiku, akaikunjua mbele yangu kwanza barabarani kabla hatujaingia ndani. Msukumo wa macho yote mawili ulikuwa juu. Mshipa wa jicho la kushoto ulionyesha dalili za mwanzo. Ana miaka 44, na kila wiki anabeba tani nyingi za mzigo katikati ya magari, baiskeli na watoto wa shule.

“Wamesema nimewahi,” aliniambia. Alirudia mara mbili. Walimpa matone ya kuweka kila usiku na tarehe ya kurudi.

Baba aliposomewa alinyoosha mkono hewani mpaka kaka akausogelea. Wakashikana. Baba hakusema nilikuambia. Alisema: “Matone usiruke. Mimi wakati wangu hayakuwa na cha kulinda.” Kisha akamwambia mama alete kadi ya gari, akampa kaka, kama alivyoahidi.

Kaka aliishika ile kadi, akaigeuza, akamrudishia mama. Akaniuliza kama najua fundi anayefungua redio.

Leteni kadi

Fundi tuliyempata ana gereji ndogo upande wa Kizota. Alipendekezwa na mwenzangu kazini. Tulikwenda Jumamosi, kaka akiendesha, baba mbele, mimi nyuma.

“Shikamoo mzee,” fundi alisema. “Samahani, gari hii ya nani?”

“Marahaba. Ni yangu.”

“Naomba kuiona kadi.”

Kaka akawaka. “Mzee huyu unavyomwona, ameiba gari?”

“Sijasema ameiba, kaka. Lakini nikifungua redio bila kuuliza, kesho nitafungua ya wizi.”

Baba alicheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia muda mrefu. “Mwache kijana afanye kazi. Hata mzigo stesheni hautoki bila stakabadhi.”

Fundi akasoma kadi, akaangalia namba ya chesisi, akaridhika. Alitaka shilingi 30,000, na alisema hachukui mpaka redio iseme. Kisha akaniomba nimsomee tarakimu 16 za kwenye kioo wakati yeye akiandika kwenye kipande cha boksi. Nilisoma. Alipomaliza akanirudishia kwa sauti ili tuhakiki.

“Hapana,” baba akasema kutoka kwenye kiti chake. “Umeruka. Baada ya saba ya pili kuna sifuri.”

Tukaangalia. Kweli, fundi alikuwa ameandika tarakimu 15. Baba alikuwa amezisikia mara moja tu. Fundi akamtazama, kisha akanitazama mimi, nikamwambia mzee amekaa miaka mingi na namba za mabehewa. “Behewa likipotea namba, limepotea lote,” baba akaeleza.

Fundi aliingia kwenye kibanda chake na kompyuta mpakato, akarudi baada ya robo saa na namba ya siri. Akaiweka taratibu, tarakimu moja moja. Kioo kikazima. Kikawaka. Kulikuwa na mkwaruzo wa mawimbi tu, kwa sababu stesheni zote zilizohifadhiwa zilikuwa zimefutika.

Hapo nikajifunza jambo jingine. Redio za FM za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati hapa kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana magari mengi yaliyotoka huko hufungwa kifaa kidogo nyuma ya redio cha kuyashusha masafa yetu yaingie kwenye yale ya Kijapani. Kwa hiyo namba inayoonekana kwenye kioo si ile anayoitaja mtangazaji. Baba hakuhitaji kuiona namba yoyote. Alibonyeza kitufe cha usukani, akasikiliza, akabonyeza tena. Kila stesheni aliitambua kwa sauti ya mtangazaji wake. Alipoipata ya kwanza alimwambia kaka, “Hiyo iweke namba moja.” Walifanya hivyo mpaka sita.

Fundi alisubiri mpaka mwisho bila kulalamika, ingawa wateja wengine walikuwa wamefika.

Ya kuweka akilini

Msomaji, kama una gari la zamani lenye redio ya kiwandani, fanya haya kabla betri haijakulazimisha.

Pekua kitabu cha gari na kabati la dashibodi. Katika baadhi ya magari kadi ya namba ya siri ipo hapo na mwenyewe hajui. Kwa magari ya Honda, nyingi za redio hizo hutoa namba zake za utambulisho ukibonyeza kitufe cha moja na cha sita kwa pamoja huku unaiwasha. Kwa nyingine, namba ipo kwenye kibandiko ubavuni mwa redio, na lazima itolewe kwenye dashibodi ili isomwe.

Kabla fundi hajachomoa betri, muulize kama anaweza kuipa redio umeme wa akiba kwa muda huo. Mafundi wazuri wanajua kufanya hivyo, na redio haitajua kama betri imetoka.

Ikishajifunga, usikubali mtu abahatishe. Majaribio huhesabiwa, na redio nyingine zikifikia kikomo hugoma kabisa. Wakala wa kampuni ya gari anaweza kusaidia ukimwonyesha uthibitisho wa umiliki. Fundi asiyeuliza kadi, mwogope kidogo. Na anayetaka pesa yote kwanza kupitia simu kabla hujamwona, mwogope zaidi.

Kuhusu macho, kama mzazi, kaka au dada yako ana presha ya macho, usisubiri dalili. Nenda ukapime, na umweleze mtaalamu habari za familia yako, kwa sababu hiyo ndiyo taarifa asiyoweza kuiona kwenye jicho. Ukipewa matone, yawekwe kila siku hata kama huoni tofauti, maana kutokuona tofauti ndiko kufanya kazi kwake. Na usijinunulie matone ya macho dukani kwa kushauriwa na jirani. Mengine yana dawa ambazo zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi hupandisha huo msukumo wenyewe.

Sisi tulinunua kaunta buku moja. Baba aliitaja mistari, mimi nikaandika: namba ya siri ya redio, namba ya mita ya LUKU, namba za kadi za bima ya afya, dawa za baba na saa zake, dawa za kaka na tarehe zake za kliniki, majina ya wajukuu na mwaka ambao kila mmoja atatakiwa kuanza kupima. Kaunta buku hiyo inakaa kwa mama, juu ya kabati, pamoja na zile karatasi tano. Nakala nyingine ninayo mimi chumbani kwangu Area D.

Habari ya kuuza gari haijarudi kwenye kundi. Siku moja inaweza kurudi, na itakuwa sawa. Kwa sasa kaka akiwa Dodoma huja Jumamosi, huliwasha injini nusu saa ili betri ichaji, na huzunguka na baba mpaka Hombolo na kurudi. Wiki iliyopita nilimuuliza baba wanazungumza nini njiani muda wote huo.

“Hatuzungumzi,” alisema. “Tunasikiliza taarifa ya habari. Ila tukifika kwenye geti namwambia aniambie nguzo iko umbali gani, ya kulia na ya kushoto. Mpaka sasa hajakosea.”